Pikipiki Iliyosafishwa Mno

Siku Yudita alipopita mbele ya kanisa na kaziye, kreti nzima ya bia, kichwani, kwaya ilikuwa katikati ya mazoezi, na milango yote miwili ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Sauti ya tatu ilinyamaza kwanza. Kisha ya pili. Wimbo ukabaki kwa mpiga ngoma peke yake, kwa kuwa yeye hupiga akiwa amefumba macho.

Yudita hakugeuza shingo. Mwenye kaziye kichwani hawezi kugeuza shingo hata akitaka, na siku ile alimshukuru Mungu kwa hilo. Chupa ziligongana kila alipokanyaga, zikimtangaza tangu sokoni.

Pasta Jean-Pierre alitoka, akasimama kwenye ngazi.

"Mama Eliana."

"Pasta."

"Hiyo ni nini?"

Alitamani aseme soda. "Bia, Pasta."

"Ya nani?"

"Ya mihogo."

Pasta aliangalia juu, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kuelewa. Yeye naye alikuwa mtu wa kurudi kutoka Tanzania kama akina Yudita, na kule Bugarama kulikuwa na shamba la baba yake ambalo mtu mwingine alikuwa akililima. Lakini Pasta alikuwa akilidai kwa kufunga na kuomba. Jumapili iliyofuata Yudita aliambiwa apumzike kidogo kwaya, akae benchi la nyuma pamoja na wanaotengenezwa, wale walio chini ya adhabu ya kanisa. Alikaa. Benchi la nyuma lina upepo, na mtu anaona migongo ya wote.

*

Mihogo yenyewe ilikuwa ya Nestori. Shamba ndilo lilikuwa na maneno.

Mwaka wa sabini na mbili Wenceslaus, mchuuzi wa mawese, alikimbia mauaji, akavuka ziwa na mke wake na mtoto wao Fabiano, na pikipiki yake ya Kiingereza haikuingia mtumbwini. Akaizika nyuma ya jiko. Alikufa kambini akirudia habari hiyo, na kambini hakuna aliyeiamini, maana kila mkimbizi aliacha kwao ng'ombe wengi na nyumba ya matofali. Fabiano aliporudi Rumonge, mtu mzima, na mke wake Yudita na binti yao Eliana, alikuta pale nyumba ya Nestori, michikichi ya Nestori na makaburi mawili ya Nestori. Nestori hakuiba. Alipewa na wakubwa wa wakati ule, na aliyepewa huumia kuliko aliyenunua, kwa sababu hana wa kumrudia.

Fabiano akapanga chumba kwa watu, mpaka mwenye nyumba aliposema mvua zikiisha anakitaka chumba chake. Ndipo Fabiano alipochukua jembe, akaingia shambani kwa Nestori bila hodi, akachimba. Aling'oa safu nzima ya mihogo kabla jembe halijagonga chuma.

Wanotabo wa kilima, wale wazee waliochaguliwa kusikiliza kesi za majirani, waligawa kesi vipande viwili. Neno la shamba wangelikalia mvua zikiisha, na Fabiano aje na hiyo pikipiki, iwe ushahidi kwamba baba yake alikaa pale. Neno la mihogo walilimaliza papo hapo: kaziye moja ya bia, iletwe na mke wa aliyekosa.

Na huku kwetu bia hainywewi bubu. Mtu husimama kwanza akasema imeletwa na nini. Nestori ndiye aliyekosewa, kwa hiyo ndiye aliyefungua chupa ya kwanza, akasimama katikati ya ua wake na tumbo mbele, akawatakia amani.

"Amahoro!"

"Amahoro!"

"Hii bia tunakunywa, iko ya mihogo yangu. Huyu Fabiano aliingia kwa shamba bila ruhusa, akatoboa shimo kama anazika tembo, akatoa pikipiki ya baba yake. Imeoza! Hata panya hawezi kuipanda! Mihogo imekufa. Leo amelipa. Mimi Nestori sina tena neno."

"Tumesikia," wanotabo wakajibu kwa pamoja, wakanywa. Mkubwa wao, mzee Ntakirutimana, alicheka ile habari ya panya mpaka akamwaga povu kwenye suruali.

Yudita alikaa ukingoni mwa mkeka na kikombe cha maji. Yeye hanywi, kwa hiyo siku zote ndiye anayekumbuka.

*

Bienfait, fundi wa kutoka Uvira, alikuwa na karakana yake kando ya barabara, karibu na wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Walimletea pikipiki juu ya baiskeli mbili zilizofungwa pamoja. Alitoa matambara ya turubai yaliyokuwa yamegandamana na udongo, akafungua nati moja kwa patasi, akaingiza kidole, akanusa.

"Papa Fabiano. Hii iko injini ama iko sahani ya maharage?"

Wenceslaus alikuwa ameijaza injini mawese mpaka pomoni kabla ya kuizika. Nje ilikuwa imeliwa na kutu kama ubao ulioliwa na mchwa, lakini ndani, chini ya mafuta yaliyoganda, pistoni ilikuwa imelala salama kama mtoto.

"Baba Eliana," Yudita akasema, "tuifunge kamba hivyo hivyo. Siku ikifika tuipeleke kwa wanotabo na udongo wake."

Fabiano alimgeukia. "Nimpeleke baba yangu mbele ya watu na udongo?"

"Si baba yako. Ni pikipiki."

"Hata maiti ya maskini huoshwa, Mama Eliana."

"Tumeitwa kuonyesha ilitoka wapi. Hatukuitwa kuonyesha uzuri."

"Kambini walinicheka. Hapa wananiita mtu wa kambi. Nitaingia nayo inang'aa, wajue baba yangu alikuwa mtu wa namna gani."

"Wajue shamba lilikuwa la nani."

"Ni kitu kilekile."

Haikuwa kitu kilekile. Lakini Yudita aliona machoni mwa mumewe kitu ambacho hakukiona tangu waliporudi, akanyamaza. Hilo ndilo kosa lake katika habari hii, na alilifanya kwa huruma.

Kazi ilikwama siku ya kwanza. Bienfait alitandika funguo zake zote za nati chini, na hakuna hata mmoja uliokubali. Wa kumi na tatu ulicheza, wa kumi na mbili haukuingia.

"Waingereza hawapimi na milimita," akasema akijifuta jasho. "Bale batu banapima na kiburi."

Ikabidi waende kwa Ruqaya, mwenye duka la vyakula sokoni. Babu yake alitoka Omani, baba yake alikuwa na malori ya zamani, na chini ya meza yake bado kulikuwa na debe la funguo za Kiingereza zilizopakwa grisi.

"Sikodishi, wala siuzi," Ruqaya akasema. "Chukueni. Ila ikikamilika, isimame mbele ya duka langu. Watu wakija kuangalia, hawakosi kununua hata chumvi."

Basi ikajengwa. Tangi la zamani lilikuwa limetoboka kama chujio. Bienfait akalitupa, akakata pipa la mawese, akaligonga kwa nyundo ya mbao mpaka likawa na umbo la tone la maji. Magurudumu yakatoka kwenye pikipiki ya Kichina iliyopata ajali kule Gitaza. Usukani akaupinda kwa bomba la kitanda, ukawa mrefu wenye pembe kama ng'ombe wa Kirundi. Kiti kilishonwa na fundi viatu kwa ngozi nyekundu. Mwandishi wa mitumbwi, yule anayeandika majina kwenye mbavu za boti bandarini, aliandika kwenye tangi WENCESLAUS, na kila upande akachora samaki mmoja, mukeke, anayeruka. Kitu pekee ambacho Fabiano alikataa kibadilishwe ni gia kuwa mguu wa kulia na breki wa kushoto. "Baba aliendesha hivyo," akasema, ingawa yeye mwenyewe hakupata kumwona akiiendesha.

Kila Yudita alipoleta chakula, alikuta fungu la vyuma vya zamani limepungua.

"Hivi vinakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa batu ba kununua vyuma, mama. Kwa kilo."

"Na hizi namba hapa kwenye chuma?"

"Nitazipiga msasa. Rangi haipendi vidonda."

*

Rangi ilihitaji pesa. Kromu ilihitaji pesa. Fabiano alikaa kitandani jioni moja akitazama masini ya kushonea ya Eliana, na Eliana akamtazama anavyoitazama. Binti alikuwa akishona sare za shule. Ndiyo iliyokuwa inalipa chumba.

"Baba, usiseme."

"Sijasema."

"Hiyo pikipiki itashona?"

"Itatupa shamba. Shamba litakupa masini mbili."

"Na petroli yenyewe iko wapi? Watu wanalala na magari yao kwenye stesheni ya mafuta, wanaota petroli. Wewe unatengeneza pikipiki."

"Eliana," Yudita akasema.

"Mama, na wewe ni wa kwaya au wa pikipiki?"

"Kwaya wamenitoa," Yudita akajibu. "Nimebaki wa pikipiki."

Masini ikaenda kuuzwa kesho yake, juu ya kichwa cha Eliana mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aibebe.

Siku ya kuiwasha, Bienfait alileta petroli chupa moja ya soda, wala hakuna aliyemuuliza ilivuka ziwa kwa njia gani. Alipiga kiki. Akapiga tena. Alivua shati. Fabiano alipiga, akateguka kifundo. Mwishowe ikakohoa, ikatema moshi mweupe, halafu ikanguruma kwa sauti nzito ya kukatika-katika kama mzee anayehesabu watoto wake. Mawese yaliyobaki ndani yalishika joto. Harufu ikaenda mtaa mzima, na mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala akauliza ni nani anakaanga mapema hivyo.

Fabiano alisimama akiegemea mguu mmoja. Alilia bila kujifuta. Watu walipiga makofi. Chupa ya soda ikaisha, pikipiki ikazima, na haikuwa na la kunywa tena.

*

Siku ya kesi waliisukuma. Fabiano alivaa koti la harusi yake. Yudita alisukuma kwa nyuma, na Eliana alitembea mbali nao kidogo, kama mtu ambaye njia imemkutanisha nao tu.

Wanotabo walikuwa wameketi shambani kwa Nestori, kando ya lile shimo. Mzee Ntakirutimana aliinuka. Akaizunguka pikipiki, akaona uso wake kwenye tangi, akarekebisha kofia. Akakaa juu ya kiti chekundu, akashika pembe za usukani.

"Eee, muzee Wenceslaus alikuwa mukubwa," akasema, na Fabiano akaona dunia imekaa sawa.

Nestori alinyoosha mkono.

"Wazee wangu. Mimi niko mutu wa kulima, sina maneno mengi. Kitu kimelala ndani ya udongo toka sabini na mbili, kinaweza kutoka hivi? Mimi nimelala juu ya kitanda, na muangalie sura yangu."

Watu walicheka. Hata Eliana.

"Hii imetoka Bujumbura, kwa duka. Ile ya zamani mimi hata sikuiona. Nilisikia tu batu wanasema."

"Fundi yuko wapi?" Ntakirutimana akauliza, akiwa bado juu ya kiti.

Bienfait akasogea. Alikuwa ameoga kwa ajili ya siku hiyo.

"Hii ndiyo pikipiki ilitoka kwa shimo?"

"Ndiyo, muzee."

"Magurudumu iko ya zamani?"

"Hapana, ile ni mimi."

"Tangi?"

"Mimi! Pipa la mawese. Muangalie, hakuna mushono."

"Usukani? Kiti?"

"Mimi, muzee. Yote ni mimi." Sifa zilikuwa zimemlewesha. "Hata chuma ya chini nililainisha mpaka namba zikaisha. Hamutaona kidonda hata kimoja."

"Basi ya Wenceslaus iko nini?"

"Injini, muzee."

"Fungua tuone udongo wake."

"Injini nayo niliiosha," Bienfait akasema, na hapo tu ndipo alipomtazama Fabiano, akakoma.

Fabiano alirudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza aliiona pikipiki ile jinsi wengine walivyoiona: nzuri, na ya mtu yeyote.

Ntakirutimana akashuka polepole, kama mtu anayeacha chakula mezani. "Kama ushahidi haupo," akasema, "sisi hatuwezi kumutoa mutu kwa shamba sababu ya rangi."

Yudita alisogea mbele, akapiga goti kidogo kama inavyostahili.

"Wazee wangu, naomba neno."

"Sema, mama. Lakini ya pikipiki tumemaliza."

"Sina neno la pikipiki. Nina neno la bia."

Wanotabo wakatazamana.

"Niliwaletea kaziye moja hapa hapa, mvua zilipokuwa zinaanza. Naomba kuuliza tu, maana mimi sinywi na mambo ya bia siyajui vizuri. Ile bia ilikuwa ya nini?"

Nestori alitazama michikichi yake.

"Kama pikipiki haikutoka shimo hili," Yudita akaendelea kwa sauti ileile ya kuomba chumvi kwa jirani, "basi mume wangu hakuchimba. Kama hakuchimba, mihogo haikuvunjika. Na kama mihogo haikuvunjika, wazee wangu, nilitozwa bure. Naomba mnirudishie kaziye yangu. Na chupa ziwe zimejaa."

Mwanamke mmoja nyuma akajifunika mdomo kwa kitenge. Mnotabo mmoja, mwembamba, ambaye siku ile alikunywa chupa tatu, alianza kukohoa.

Kwetu mtu anaweza kukana mdomo wake. Anaweza kukana mkono wake, hata mtoto wake. Lakini bia iliyosemewa neno mbele ya watu, ukikana neno lake, umeiiba. Na mzee mwizi wa bia hawezi tena kukalishwa kwenye kiti cha mbele, wala harusini wala msibani.

Ntakirutimana alivua kofia, akaivaa.

"Bia tulikunywa," akasema. "Na neno lake tulilisikia."

"Muzee—" Nestori akaanza.

"Nestori, ni wewe ulisema. Pikipiki ya baba yake, ulisema. Panya hawezi kuipanda, ulisema. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga. Sasa unataka nione nilimwaga bure?"

Wakanong'ona kidogo, wakakata shauri. Shamba ligawanywe katikati. Shimo liwe mpaka. Makaburi na nyumba vibaki kwa Nestori, na upande wa barabara uwe wa watoto wa Wenceslaus. Na siku ya kupanda miti ya mpaka, kila upande ulete kaziye moja.

Nestori alingoja mpaka watu walipoanza kutawanyika. Halafu akamfuata Yudita.

"Mama Eliana. Siku ile hukunywa hata moja?"

"Hata moja."

"Mimi niliona," akasema kwa huzuni. "Nilisema moyoni, huyu mama pale kwa mukeka ni hatari."

Fabiano hakuwa amesikia. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, akifuta alama za vidole vya wanotabo kwenye tangi kwa mkono wa koti lake.

*

Pikipiki ilisimama mbele ya duka la Ruqaya kama ilivyoahidiwa, na haikusogea tena, kwa kuwa petroli haikupatikana, na hata ilipopatikana mara moja, hakuna aliyeweza kuizoea ile breki ya kushoto. Lakini Ruqaya alikuwa amesema kweli. Watu walikuja. Maharusi walianza kuja na mpiga picha, bibi harusi akikalishwa juu ya kiti chekundu na bwana akishika pembe za usukani, kama wanakwenda mahali. Walilipa. Ikaonekana kwamba pikipiki isiyotembea inaingiza kuliko zile zinazokesha stesheni kwenye foleni ya mafuta. Eliana alikuwa akipokea pesa, akiziweka kando, na alikuwa na hesabu yake ya masini ambayo hakumwambia baba yake.

Mwenye nyumba alidai chumba chake. Walihamia upande wa barabara, chini ya mabati ya kuazima, na mvua moja iliyochelewa ikawapata humo. Kisha siku ya kupanda mpaka ikafika.

Yudita alinunua kaziye kwa pesa za maharusi, akajitwika juu ya kata, akashika njia ileile, kwa kuwa kanisa halikuhama. Kwaya ilikuwa katika mazoezi. Sauti ya tatu ikanyamaza kwanza.

Pasta Jean-Pierre alikuwa tayari kwenye ngazi.

"Mama Eliana. Tena?"

"Tena, Pasta."

"Ile ya kwanza nilikutoa kwaya. Hii sasa nikufanye nini?"

"Hii si bia, Pasta. Ni hati ya shamba."

Habari ya kesi Pasta alikuwa ameisikia, kama Rumonge yote. Alitazama nyuma, kwaya ilikokuwa inanyoosha shingo. Akashuka ngazi moja. Akashuka nyingine. Akaja mpaka karibu kabisa na Yudita, akiziangalia chupa, na akashusha sauti kama mtu anayeungama.

"Kule Bugarama, kwa shamba la baba," akasema, "unafikiri kaziye moja itatosha?"

Yudita hakuweza kugeuza shingo. Kwa hiyo Pasta hakuona kama anacheka.